Fyuzi Ikae Karibu na Betri

Baadhi ya mafundi wanapofunga redio ya mawasiliano garini hutia fyuzi nyuma ya redio, kisha huona kazi imekwisha. Dhana yao ni kwamba fyuzi huilinda redio. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa, kwani kazi ya kwanza ya fyuzi ni kuulinda waya.

Redio ya wati 50 huhitaji takriban ampea 12 wakati wa kurusha sauti. Betri ya volti 12, kwa upande wake, yaweza kutoa mamia ya ampea iwapo waya wa chanya utagusa bodi la gari. Waya huo hupenya ukuta wa chuma uliopo kati ya injini na abiria, na mtikisiko wa barabara mbovu huuchubua papo hapo, mahali ambapo fyuzi ya nyuma ya redio haina msaada wowote. Waya huiva ukawa mwekundu, mpira wake huungua, na gari laweza kuteketea. Fyuzi ya ampea 15 iliyofungwa sentimita chache kutoka kwenye betri ingekatika mapema.

Unene wa waya nao usipuuzwe. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, meta 5 kwenda na 5 kurudi, una ukinzani wa omu 0.17 hivi, kwa ampea 12 hupoteza volti 2. Ule wa milimita 4 za mraba hupoteza nusu volti tu. Mwanafunzi yeyote aijuaye kanuni ya Ohm aweza kulihakiki hilo daftarini, kabla fundi hajauunga waya mwembamba kwenye kiwashio cha sigara.