Mbwa Mweusi Amekosa Nini?

Yako mambo ambayo sisi waalimu wa lugha huyapita kwa kuyaona madogo, ilhali ndani yake lugha inafanya kazi kubwa. Jambo la mbwa mweusi ni mojawapo. Tunajua tangu sasa kwamba wako wenzetu watakaocheka na kuuliza: jarida la utamaduni limekosa habari hata likazungumzie mbwa? Na wacheke, ila wasome hadi mwisho, kwani tunaowashitaki hapa si wenye mbwa. Tunawashitaki wenye chaki.

Mtu atokaye Bujumbura akishika barabara ya mwambao iendayo Rumonge hufika Kabezi baada ya mwendo mfupi, ziwa likiwa mkono wake wa kulia na milima mkono wa kushoto. Hapo, na katika vijiji vyote vya ufukoni vinavyofuata, mbwa ni mshirika wa kazi. Hulinda ndagala zilizoanikwa, hukaa na mbuzi, hulala mlangoni pa mwenyewe. Aghalabu ni wa kimo cha kati, mwenye manyoya mafupi. Rangi ni za kila namna: mchanga, hudhurungi, madoadoa, na weusi ti. Mbwa jike akizaa, majirani huja kuchagua. Wa rangi ya mchanga huondoka kwanza, wenye madoa hufuata, na mweusi hubaki akinyonya peke yake. Akishakua, watu wale wale waliomkataa huja kumwazima ili alinde usiku, kwa hoja kwamba mwizi hatamwona. Usiku tunamwajiri, kukicha tunamkana.

Mambo haya yangaliweza kuendelea bila sisi kuyaandikia, lau si maji. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia majumbani, tangu Gatumba upande wa kaskazini hadi Rumonge upande wa kusini. Watu waliohama walibeba watoto, magodoro na masufuria. Kila mwenye akili ataelewa kwa nini mbwa hakuwa wa kwanza katika hesabu. Waswahili husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Ni kweli, lakini methali haisemi afanye nini akishaufikia ufuko na mwenyewe hayupo. Wengine walipata wenyeji wapya kwa siku chache. Katika kuwaombea waliosalia tulisikia maneno ambayo ndiyo yaliyotutia kalamu mkononi: “Huyo mweusi ana jambo.” “Nipe yule mwingine.” “Usiku hugeuka huyo.” Hakuna aliyesema kwamba mbwa amemwuma, wala kwamba ameiba kuku. Mashtaka yote yalikuwa ya rangi.

Yafaa tujiulize: maneno hayo yametoka wapi? Sehemu moja, tukitaka tusitake, yametoka darasani. Mwambie mwanafunzi aandike insha kuhusu siku aliyoogopa sana. Atakuletea usiku wa giza, bundi juu ya paa, na kisha, bila kukosa, mbwa mweusi anayetokea ghafla njia panda. Mwanafunzi huyo pengine ana mbwa mweusi kwao, naye humlisha kila jioni kwa mkono wake. Lakini katika insha humgeuza zimwi kwa sababu amejua kwamba mwalimu hupenda hivyo, na mwalimu naye hutia alama nyekundu pembeni kuonyesha kwamba lugha ni tamu. Utamu gani huo? Hiyo ni lugha iliyokwisha kufikiriwa na wengine. Kama tunamfunza mtoto kuandika asichokiona na kukana akionacho, basi tumshukuru kwa kitu gani?

Kiswahili chenyewe hakikutuamuru hivyo. Tunao mpingo, mti ambao thamani yake yote imo katika weusi wa moyo wake. Tunao wanja, na hakuna mwanamke wa pwani aliyeupaka ili atishe watu. Wingu jeusi juu ya milima ya Burundi mnamo Septemba ni habari njema kwa mkulima aliyeshika jembe. Hata kile kikolezo chetu cha *ti*, katika *nyeusi ti*, hakina hukumu ndani yake: husema tu kwamba weusi umetimia, kama *pe* isemavyo kwa weupe. Hatudai kwamba lugha yetu haina doa, kwani *roho nyeusi* imo, na inatumika. Lakini *orodha nyeusi*, *soko jeusi* na *kondoo mweusi* ni mizigo iliyovushwa na wafasiri waliochoka, hali ya kuwa *magendo* na *ulanguzi* yalikuwapo tayari. Mwalimu akemeaye kosa la ngeli na kuyaacha hayo yapite, kazi yake ameifanya nusu.

Wako wadaio kwamba hofu ya mbwa mweusi ni urithi wa mababu, kwa hiyo isiguswe. Mababu wa nani? Waingereza wa Bungay wana kisa cha mbwa mweusi wa kishetani aliyeingia kanisani mwao wakati wa tufani ya tarehe 4 Agosti 1577. Goethe, katika Faust, alimleta Ibilisi kwa umbo la mbwa mweusi wa manyoya ya kujisokota. Churchill aliita huzuni yake kuu kwa jina la mbwa mweusi. Hofu hiyo basi si mali ya Kabezi wala ya Rumonge peke yao. Imetapakaa duniani kama mafua, na kuitetea kwa jina la utamaduni wetu ni kujitwisha ugonjwa wa jirani.

Kuna na hoja ya dini, ambayo katika mwambao wenye Waislamu wengi, hasa Rumonge, hatuwezi kuipita kwa dharau. Imo Hadithi katika Sahihi Muslim imtajayo mbwa mweusi kwa ubaya, na wanazuoni wamehitilafiana katika kuifasiri. Hatukukalia kiti cha mufti. Tunajua tu yale ambayo kila mwanafunzi wa chuo hufunzwa: kwamba madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waswahili wengi, huhesabu ute wa mbwa kuwa najisi na kuamuru kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kwamba Maliki hawamwoni mbwa aliye hai kuwa najisi, kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na kwamba mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi. Hukumu ya najisi haichagui rangi: aoshaye mara saba kwa mweusi huosha mara saba kwa mweupe. Basi anayefuga mbwa wa mchanga uani kwake na kumfukuza mweusi kwa mawe, na aseme wazi ni kanuni ipi ya usafi aifuatayo.

Sasa tuje kwenye picha, kwani siku hizi mbwa hupata makao kwa picha. Atakaye kumtolea mbwa humpiga picha kwa simu na kuwapelekea jamaa wa Bujumbura, na jamaa hujibu kabla ya kumwona mnyama. Mbwa wa mchanga huonekana akicheka. Mweusi huonekana kama tundu lililotobolewa katika picha, lenye ulimi. Watu husema: “Hapigiki huyo.”

Hapigiki, au hatujui kumpiga? Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ukimweka mbwa mweusi mbele ya ziwa saa sita mchana, kamera hushughulika na mng'ao wa maji na kumsahau mbwa. Mpige alfajiri, kabla jua halijaruka milima. Mwambao wetu una bahati hiyo, kwamba asubuhi hukaa kivulini kwa muda ilhali anga limekwisha kuwa jeupe. Usimweke mbele ya maji. Nyuma yake pawe na ukuta wa udongo au migomba. Mwanga umjie kwa ubavu, ndipo manyoya yatakapoonyesha mawimbi yake. Inama hadi macho yako yalingane na yake, gusa uso wake katika kioo cha simu ili simu ijue ni nani anayepigwa, na usubiri ageuke hadi nuru iingie machoni. Mbwa mweusi asiye na nuru machoni hana uso. Akiipata, huonekana hata kunyanzi la paji.

Tunasisitiza hili kwa sababu tuna kumbukumbu. Filamu za rangi za zamani zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alieleza mwaka 2009 kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma Kodak kurekebisha filamu zake ni ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi nzito hazikuonekana vyema. Kwa miaka mingi picha za madarasa yetu zilitoa meno na kola za mashati, na sisi tukaambiwa kwamba hatupendezi katika picha. Hatumlinganishi mtu na mbwa, na atakayetusingizia hivyo amesoma kwa pupa. Tunacholinganisha ni uvivu wa mshika kamera, ambao ni ule ule. Yapasa watu waliowahi kuambiwa hivyo wawe wa mwisho kulirudia neno hilo.

Juu ya tabia, hatuna haja ya maneno mengi. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba weusi wa mbwa wengi hutokana na badiliko katika jeni iitwayo CBD103. Rangi hiyo ina mambo yake, nayo mwenyeji mpya aelezwe: manyoya meusi hushika joto la jua, kwa hiyo kivuli na maji ni lazima; kupe hawaonekani upesi, hivyo apapaswe kwa vidole; na mvi za mdomo huonekana mapema, watu wakamdhani mzee. Hatari ya kweli ni kichaa cha mbwa, nacho hakichagui ngozi. Shirika la Afya Duniani hulenga mbwa 7 katika kila 10 wachanjwe ili ugonjwa ukome. Anayemwogopa mweusi na kumwacha wa mchanga bila chanjo ameifunga dirisha na kuuacha mlango wazi.

Limebaki jina. Tumekuta wengi wameitwa Shetani, kwa mzaha, kisha mwenye mzaha anashangaa kwamba hakuna amtakaye. Mpingo ni jina. Wanja ni jina. Wingu pia.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa waalimu wa mwambao kwamba muhula huu ile insha ya usiku wa kutisha ipumzishwe, na mahali pake wanafunzi waandike tangazo la mistari michache, juu ya mbwa wanayemjua, bila kivumishi wasichoweza kukithibitisha. Mfano wake ni huu:

“Anatafutiwa makao: mbwa dume, mweusi ti, kifua kina alama nyeupe ya upana wa kidole. Umri yapata miaka 2. Amechanjwa kichaa cha mbwa. Hubweka usiku mtu akipita karibu na chanja za ndagala. Mchana hulala chini ya mwembe. Hula ugali na vichwa vya samaki. Amezoea watoto, haogopi mbuzi, huogopa radi. Anaitwa Wingu. Atakayemchukua na aje na kamba, na aje mwenyewe amwone.”