Kimondo ni Chetu, Elimu Yake ni ya Nani?

Ndugu Waislamu, vumbi linalotua juu ya mabati yetu hapa Maili Moja si lazima liwe lote la barabara ya Morogoro. Kila siku chembe ndogo mno hushuka duniani kutoka angani.

Mwaka 2010 chombo cha Japani, Hayabusa, kilirejea na chembe za namna hiyo kutoka katika asteroidi Itokawa. Wataalamu walizimulika kwa eksirei kali huku zikizungushwa, kisha kompyuta ikaziunganisha picha. Nyufa, matundu na madini ya ndani yakaonekana pasipo kuivunja chembe. Pamoja na vipimo vingine, ikathibitika kuwa vimondo vya aina inayoanguka kwa wingi duniani hutoka katika asteroidi kama hiyo.

Nasi tunacho kimondo cha Mbozi, chuma na nikeli chenye uzito wa zaidi ya tani 10. Lakini Afrika nzima haina mtambo wa eksirei kali kiasi hicho. Jordan ilifungua wake, SESAME, mwaka 2017, kwa ushirikiano wa nchi kadhaa, zikiwamo Misri na Pakistan.

Baadhi yetu, wengine wanapogundua jambo, hutosheka kusema, "Hayo tuliyajua zamani." Huko ni kujisifu kwa jasho la watu. Kutafakari uumbaji ni ibada, na tafakuri hiyo yahitaji maabara pia.

Basi wazazi wa Kibaha tujiulize: binti anayependa fizikia tunamnunulia kitabu, ama tunamwambia somo hilo si lake?