Chavua, dhoruba na pumu: Melbourne inatufundisha nini?

Jumatatu tarehe 21 Novemba 2016 ilikuwa siku ya joto kali katika jiji la Melbourne, Australia. Joto lilipita nyuzi 35. Jioni upepo ukageuka, dhoruba ya radi ikapita jijini. Usiku ule hospitali zilifurika watu wanaotweta. Watu zaidi ya 3,000 kuliko ilivyo kawaida walikimbilia idara za dharura kwa shida ya kupumua. Kumi walifariki.

Hapakuwa na sumu wala moto. Kilichowadhuru kilitoka mashambani, kwenye nyasi.

Msikilizaji, ukipita katika mahindi yaliyotoa mbelewele, ule unga wa njano unaobaki kwenye nguo ndiyo chavua. Nyasi nazo zina chavua, na hupeperushwa mbali sana. Nje ya Melbourne kuna malisho makubwa ya mifugo, na nyasi zake huchanua mwezi huo. Siku ile jijini kulipimwa punje zaidi ya 100 za chavua ya nyasi katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Huko hicho ni kiwango cha juu kabisa.

Kwa kawaida punje nzima huishia puani. Mwenye mzio hupiga chafya, macho yanamwasha, basi. Lakini katika dhoruba, punje hunyonya unyevu, huvimba na kupasuka vipande vidogo mno. Upepo wa baridi unaoshuka kutoka mawinguni huvisukuma chini, kwenye hewa tunayovuta. Vipande hivyo hupita pua na kufika kwenye mapafu. Kwa mwenye mzio, njia za hewa hubana, na hiyo ndiyo pumu.

Kwa hiyo kipimo cha chavua kilikuwepo. Kilichokosekana ni onyo linalounganisha chavua na dhoruba. Tangu 2017, jimbo la Victoria hutoa utabiri wa hatari hiyo kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Desemba.

Hata hivyo, tunaona onyo peke yake halitoshi. Wengi walioumia walikuwa na mafua ya msimu tu, na hawakuwahi kuambiwa wana pumu. Mtu asiyejijua hawezi kudhani onyo linamhusu.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Vijijini, mtoto anayepiga chafya kila msimu wa maua husemwa ana mafua, akanunuliwa antibiotiki dukani. Dawa hizo huua bakteria, haziondoi mzio.

Hatusemi kila wingu ni hatari. Tukio kama la Melbourne ni nadra. Tunasema hivi: mafua yakirudi majira yaleyale kila mwaka, hasa pakiwa na kukohoa usiku au kifua kupiga miluzi, nenda zahanati uulizie mzio na pumu. Aliyepewa dawa ya pumu ya kila siku asiiache kwa sababu amepata nafuu. Msimu wa nyasi kuchanua, mwenye mzio aingie ndani na kufunga madirisha kabla upepo wa dhoruba haujafika. Na mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mketishe wima, mpe dawa yake ya kuvuta kama anayo, kisha mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje asubuhi.