Mwendokasi ni basi, siyo shangingi

Vijana wenzangu, simama asubuhi pale Mbagala Rangi Tatu uhesabu watu. Wengi wanatembea kwa miguu au wananing'inia kwenye daladala. Mwenye gari yuko peke yake, viti vinne vitupu. Sasa jiulize, hizi barabara anapangiwa nani?

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Zaidi ya miaka 50 imepita, Dar imefurika, namba ni ileile. Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwisho uwe 30 pale magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu. Sababu ni hesabu tu: gari likiwa kwenye 60 linagonga kwa nguvu mara nne ya likiwa kwenye 30. Helsinki walishusha hadi 30 kwenye mitaa mingi, na mwaka 2019 hakufa hata mtembea kwa miguu mmoja.

Kwetu je? Tochi inajificha kichakani huko barabara kuu, faini inaingia, serikali inasema inalinda maisha. Lakini mtoto wa shule ya msingi anavuka kwa kukimbia, zebra imefutika, tuta hakuna. Huo siyo usalama, ni makusanyo.

Watasema 30 itatuchelewesha. Itucheleweshe wapi? Kwenye foleni ya jioni ya Mandela hata 20 hufiki! Kinachotuchelewesha ni wingi wa magari, na dawa yake ni basi. Mwendokasi ulianza 2016, njia zimejengwa kwa mabilioni, abiria bado wanagombania mlango. Mkubwa hajui, maana yeye anapita na shangingi na king'ora.

Tunachodai ni vitu vitatu. Kwanza, 30 kwenye shule, masoko, hospitali na vituo vya daladala, pamoja na matuta ya kuilinda, maana kibao peke yake hakimsimamishi mtu. Pili, njia ya miguu ijengwe kabla ya kuongeza upana wa lami. Tatu, mabasi ya kutosha kwenye njia zilizopo.

Mkutano wa mtaa ujao usikose. Muulize diwani: tuta la shule yetu liko wapi? Akikwambia barabara ni ya TARURA au ya TANROADS, mwambie aandike barua, na nakala muione. Tusingoje msiba ndipo tuchome matairi.