Wembe Ni Amana: Anoaye na Asafishe

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Methali hii twaitumia kila siku kuonyesha kuwa mtu humhitaji mwenziwe, lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo aghalabu twalisahau. Anyolewaye huinamisha kichwa, akafumba macho, akaiacha shingo yake mikononi mwa mtu mwingine. Hiyo ni amana, na amana ya kinyozi haianzi kitini bali huanzia penye kinoo.

Siku hizi vinyozi wengi wa mwambao hutumia mashine za umeme na nyembe za kutupa. Hata hivyo, wembe wa kukunja, ule wenye mpini unaofunguka, haujafa. Wako wazee waliouhifadhi, na wako vijana wautamanio. La kusikitisha ni kuwa hamu ya wengi huishia kwenye makali tu. Mtu akishaona vinyweleo vya mkono vyakatika, hudhani kazi imekwisha. Rai yangu ni kuwa kunoa bila kusafisha ni nusu ya kazi, na ile nusu iliyoachwa ndiyo yenye madhara.

Tutazame kazi yenyewe. Kinoo hula chuma. Kila wembe upitapo juu ya jiwe lililoloweshwa hutoka tope jeusi, nalo ni unga wa chuma uliochanganyika na unga wa jiwe. Tope hilo likihamia kutoka kinoo cha kukwaruza hadi kinoo laini, chembe zake huyakwaruza yale makali unayotaka kuyalainisha. Likifika kwenye ukanda wa ngozi huwa balaa, kwani huingia ngozini likakaa humo, na tangu siku hiyo ukanda huharibu badala ya kutengeneza. Basi yafaa wembe usuuzwe kila ubadilishapo jiwe, kisha ufutwe kwa kitambaa laini kuanzia mgongoni kuelekea kwenye makali. Kitambaa kisiburutwe kufuata urefu wa makali, kwa usalama wa makali na wa vidole pia.

Wembe unaponolewa hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Kwa hivyo mgongo nao hulika. Wako wanaoukinga kwa utepe wa plastiki kama ule wa mafundi wa umeme. Si vibaya, ila wajue kuwa utepe huinua mgongo kidogo na kubadili mlalo wa makali. Aliyeanza nao na aendelee nao, aubadilishe ukichakaa, na akimaliza aubandue, maana maji hujificha chini yake. Na wembe ugeuzwapo, ugeuzwe juu ya mgongo. Kuugeuza juu ya makali ni kuyaua.

Kwetu sisi watu wa pwani kuna adui wa pili, nayo ni hewa ya bahari, yenye chumvi na unyevu. Nyembe nyingi za zamani zilizotoka Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, ni za chuma kishikacho kutu upesi. Maji hubaki penye msumari wa mpini, na kutu huanzia hapo kimyakimya. Ukaushe wembe vyema, uuache wazi kwa muda, uupake tone la mafuta ya cherehani, wala usiuhifadhi bafuni. Utakapoutumia tena, yaoshe mafuta hayo kwanza.

Lakini wembe unaong'aa si lazima uwe wembe safi. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu inayovibeba yaweza kuwa ndogo hata jicho lisiione. Kinoo hakiviui, wala ukanda. Ukanda mmoja ukipitishwa nyembe za watu kumi waweza kuuchukua uchafu wa huyu ukampelekea yule. Sabuni na maji vitangulie, kwani dawa haifanyi kazi vyema juu ya uchafu, kisha ndipo ifuate spiriti. Dawa za klorini hula chuma.

Hata baada ya hayo yote, nashikilia kuwa wembe wa kunolewa uwe wa mtu mmoja, pamoja na ukanda wake. Kwenye duka la kinyozi, kila kichwa na wembe wake mpya. Atakayesema hiyo ni gharama, na apime bei ya wembe na bei ya kuuguza ini.

Sisi Waislamu tuna sababu zaidi ya kulizingatia jambo hili. Mahujaji hunyolewa wakikamilisha ibada zao, na nchini Saudi Arabia wakuu wa afya huwaonya wajihadhari na vinyozi wasio na leseni na nyembe zilizokwisha kutumika. Huku nyumbani twawanyoa watoto wetu siku ya saba. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kisu cha kuchinjia kinolewe ili mnyama asiteseke. Ikiwa mnyama ana haki hiyo, je, utosi wa mtoto wa siku 7, asiyeweza hata kuuliza wembe huu umetoka wapi?

Basi wazazi wauulizie kwa niaba yake. Anayekuja kunyoa asionewe haya kwa sababu ni mzee wa mtaa au jamaa wa karibu. Aombwe kwa adabu aonyeshe wembe mpya, au anunuliwe. Tumezoea kuuliza kama wembe wakata. Sasa tuzoee kuuliza pia umemgusa nani kabla yetu.