Mtupe tandu pamoja na unyevu wake

Mama mwenzangu wa Kaloleni, Bahati au Jericho, mvua ya masika ikianza, usishangae kumkuta tandu chini ya godoro. Nyumba za Kaloleni zilijengwa miaka ya 1940, na ukuta mkuukuu hunyonya maji. Tandu hupapenda hapo kwa sababu ngozi yake haizuii maji ya mwili yasipotee. Akikaa pakavu hufa.

Kumwaga mafuta ya taa sakafuni si dawa, tena ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Wahenga walisema mtupa jongoo humtupa na mti wake. Basi anza na unyevu. Tengeneza mfereji unaovuja, ziba nyufa kwa simiti, na uondoe mbao na matofali yaliyoegemezwa ukutani nje. Shimo la maji bafuni lifunike kwa wavu. Mchana fungua madirisha. Waangamize mende pia, maana ndio chakula chake.

Ikiwa watoto hulala sakafuni, sogeza godoro mbali na ukuta, na likipata jua lianike. Jioni kung'uta blanketi, kwani tandu huwinda usiku. Asubuhi kung'uta viatu vya shule kabla hawajavivaa.

Mtoto akiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha ulikande kwa kitambaa cha maji baridi. Akivimba uso au kupumua kwa shida, usingoje kuche. Mkimbize hospitali.