Baiskeli ya Kwanza Ichaguliwe kwa Kilima, Si kwa Sifa

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nimeukumbuka usemi huo mara nyingi tangu mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Kibera, aliponiarifu kwamba baiskeli yake ya mbio imetundikwa ukutani. Aliinunua ya mtumba kwa akiba ya miezi mingi, na kwa nyongeza iliyotoka katika chama cha mamake. Alikusudia imfikishe Kawangware kila asubuhi, aepukane na nauli ya matatu. Sasa amerudia kutembea kwa miguu. "Mwalimu," aliniambia, "baiskeli ni nzuri, ila mimi sina nguvu."

Nilikwenda kuitazama, nikayahesabu meno. Duara dogo la mbele lilikuwa na meno 39. Kubwa kuliko yote la nyuma lilikuwa na 23. Hapo nikatambua kwamba kijana hakupungukiwa na nguvu. Alipungukiwa na hesabu, nayo ni hesabu ambayo sisi walimu hatukumfundisha.

Hesabu yenyewe ni ya uwiano. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha uzidishe kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa baiskeli ya mbio ni takriban mita 2.1. Kwa gia nyepesi kabisa ya kijana huyu, kila mzunguko wa pedali humsukuma mita 3.6. Lau angekuwa na meno 34 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja ungemsukuma mita 2.2 tu. Akipanda kilima kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa, gia ya kwanza yamtaka azungushe pedali mara 42 kwa dakika, akizikandamiza kwa uzito wake wote. Ya pili yamruhusu mara 67, kwa wepesi. Mwenye kukandamiza huumiza magoti, tena huyumba. Na kuyumba mbele ya matatu katika Barabara ya Naivasha si jambo la mzaha.

Nairobi imejengwa juu ya migongo na mabonde, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ardhi huzidi kuinuka kadiri unavyoelekea magharibi. Atokaye bondeni Laini Saba hana budi kupanda hadi Barabara ya Ngong kabla hajaiona Kona ya Dagoretti. Hewa ni nyepesi, na mkoba wa vitabu u mgongoni.

Najua wako watakaosema kwamba gia nyepesi ni za wanyonge. Fikira hiyo ni kongwe. Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, alizipinga gia za kuhamisha mnyororo kwa miaka mingi, na mabingwa hawakuruhusiwa kuzitumia hadi mwaka 1937. Leo hakuna bingwa apandaye milima bila hizo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa ujanani na David Kinjah kule Kikuyu, aliyashinda mashindano hayo mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Naye alisifika milimani kwa kuzizungusha pedali upesi upesi.

Wengine watahofia kwamba watapoteza kasi. Hofu hiyo haina msingi. Meno 50 mbele na 11 nyuma, pedali zikizungushwa mara 90 kwa dakika, hutoa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Ni nani kati yetu anayehitaji zaidi ya hapo?

Kwa hiyo nawashauri vijana: kabla ya kutoa fedha, hesabuni meno. Duara dogo la mbele lisiyazidi sana meno ya duara kubwa la nyuma. Yakikaribiana, ni heri. Baiskeli kuukuu yenye maduara matatu mbele, dogo likiwa na meno 30, isidharauliwe. Na aliyekwisha kununua nzito amwone fundi. Aghalabu ni rahisi kubadilisha meno ya nyuma kuliko ya mbele, mradi fundi ahakikishe kwanza kwamba kihamisha mnyororo kinayamudu meno makubwa na kwamba mnyororo unatosha.

Nasi walimu tuna deni. Twafundisha uwiano kwa maembe na machungwa yasiyokuwapo darasani, ilhali baiskeli imeegemezwa nje ya dirisha. Tuiingize ndani, tuipindue, wanafunzi wayahesabu meno kwa vidole vyao. Kijana yule alikwisha kujihukumu kuwa mnyonge kwa kosa la meno tisa. Tumwachie hukumu hiyo hadi lini?